Maswali ya wasomaji: tanki likipata joto, kileo hukwama

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 uzinduliwe, vikundi vingi vya Kanda ya Ziwa vinauliza habari za ethanoli ya jiko, yaani kileo cha kuwashia jiko. Barua zilizotufikia zinatofautiana kwa mengi, ila karibu zote zinagusa jambo moja: mchanganyiko wa sukari na hamira unaanza vizuri, unachemka kwa povu, kisha unazima kabla sukari haijaisha. Tumechagua saba.

Pipa linatoa, tanki halitoi

*Habari za kazi, wataalamu. Sisi ni kikundi cha Igoma, Mwanza. Kwenye pipa la lita 200 molasi yetu hufika asilimia 8 na nusu ya kileo. Tumehamia tanki la plastiki la lita 5,000, vipimo vilevile, hamira ileile, lakini linakwama kwenye asilimia 6. Kipimajoto tulichobandika ubavuni kinasoma nyuzi 35. Kosa liko wapi?*

Ndugu zetu wa Igoma, vipimo havina kosa. Kosa ni kudhani kwamba tanki ni pipa kubwa. Kila kilo ya sukari inapogeuzwa na hamira kuwa ethanoli na hewa ya kaboni, hutoa joto la karibu kilojouli 550. Molasi ya kilo 1,500 yenye nusu yake sukari, ikichanganywa na maji lita 3,900 hivi, inabeba sukari kilo 750. Joto lote hilo likibaki ndani, mchanganyiko utapanda karibu nyuzi 18. Ukianza na nyuzi 29, hesabu inakupeleka 47. Hamtaiona 47 kwenye kipimajoto kwa sababu hamira hufa kabla ya hapo na kuacha kutoa joto.

Pipa linajiokoa lenyewe. Lina eneo la kupozea la mita 2 za mraba hivi kwa lita 200, yaani mita 10 kwa kila mita ya ujazo, na bati lake linapitisha joto vizuri. Tanki lenu lina mita 16 tu kwa lita 5,000. Ni theluthi moja kwa kila lita, tena kwa ukuta mnene wa plastiki. Kwa ukuta huohuo, kipimajoto cha ubavuni kinawadanganya kwa nyuzi 3 au 4. Katikati ya tanki mlikuwa kwenye 38 au 39. Shusheni kipimajoto ndani ya bomba jembamba lililozibwa chini, kifike theluthi ya kina kutoka sakafuni, na msome kila baada ya saa 2 kuanzia saa ya sita (saa zote hapa zinahesabiwa tangu mweke hamira).

Dawa ni mbili, na tungewashauri mtumie zote.

Ya kwanza ni koili ya kupozea. Saa za kilele, ambazo ni kati ya saa ya 8 na ya 20, tanki lenu hutoa joto la karibu kilowati 4. Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida yana nyuzi 24 hadi 27 juu juu, kwa hiyo tofauti mliyo nayo ni ndogo: yanaingia na 26, yanatoka na 30, mchanganyiko uko 33. Kwa tofauti ndogo hivyo mnahitaji eneo kubwa, kama mita 3 na nusu za mraba. Kwa bomba la stenlesi la milimita 25 hiyo ni mita 45 hivi. Msilifunge bomba zima kwa mkupuo mmoja. Tengenezeni koili mbili za mita 22 hadi 23, kila moja mizunguko mitano yenye upana wa mita 1.4, mziunganishe sambamba ili maji yasichoke kabla ya kufika mwisho. Pampu itoe lita 14 au 15 kwa dakika kwa jumla. Wekeni chujio kwenye mdomo wa kuvuta, maana mwani wa ziwani huziba bomba ndani ya wiki. Fundi akiwaletea bomba la mabati lenye zinki, mrudishieni. Asidi ya molasi huila ile zinki, ikaingia kwenye mchanganyiko na kuisumbua hamira. Bomba la plastiki nalo halifai, halipitishi joto la kutosha.

Ya pili haina gharama: msimimine molasi yote kwa wakati mmoja. Anzeni na asilimia 40 ya molasi, ongezeni 30 saa ya 10 na 30 nyingine saa ya 20, kila awamu ikiwa imeyeyushwa kwenye maji ya fungu lake. Sukari ya jumla ni ileile na kileo cha mwisho ni kilekile, lakini kilele cha joto hupungua karibu nusu na koili inapata nafasi ya kupumua. Jazeni tanki jioni. Maji yaliyolala nje usiku wa Mwanza yanaweza kuwa na nyuzi 20 na kitu, na kuanza na mchanganyiko wa 28 badala ya 32 ni kupewa nyuzi nne bure.

Sasa jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Watu hupoza sana mwanzoni, kisha povu likipungua wanazima pampu wakidhani hatari imepita. Mwanzoni, kileo kikiwa chini ya asilimia 4, hamira huvumilia nyuzi 34 bila taabu. Kileo kikishapita 6, nyuzi 34 hizohizo zinaanza kuidhoofisha. Pangeni hivi: nyuzi 33 hadi 34 kwa saa 15 za kwanza, 32 kileo kinapokaribia 6, na 30 kuanzia 7 hadi mwisho.

Kwa nini hamira haivumilii vyote viwili?

*Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa sayansi Ilemela. Kwenye kitabu hamira inakua hadi nyuzi 38 na kitu. Kwenye kitabu kingine inavumilia kileo asilimia 12 hadi 15. Mbona ukiweka nyuzi 37 na kileo asilimia 9 kwa pamoja inakufa, na kila kimoja kiko ndani ya mpaka wake?*

Marahaba, mwalimu. Mipaka hiyo miwili ilipimwa kila mmoja peke yake. Tatizo ni kwamba joto na ethanoli hupiga mahali pamoja, yaani utando wa seli.

Utando huo umejengwa kwa mafuta yaliyopangika, na joto huyalainisha kama samli iliyoachwa juani. Ethanoli nayo hujipenyeza katikati ya mafuta na kuyalegeza zaidi. Utando uliolegea unavuja, na kinachovuja kwanza ni protoni, chembe zinazoleta asidi. Nje ya seli pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka asidi inazidi) ni 4.8 au chini, ndani inatakiwa ikae kati ya 6 na 7. Protoni zikiingia, seli huzitoa kwa pampu inayokula nishati, nishati ileile ambayo ingetumika kukua na kuingiza sukari. Kadiri uvujaji unavyozidi ndivyo pampu inavyokula, hadi seli inachachusha sukari kwa ajili ya kusukuma maji nje ya mtumbwi tu, na mwisho hata hilo inashindwa. Pale ndipo povu linapozima huku haidromita ikionyesha sukari bado ipo.

Ndiyo maana kadiri kileo kinavyopanda, joto la juu kabisa ambalo hamira inaweza kukulia hushuka. Na joto la chini kabisa ambalo inaweza kukulia hupanda. Dirisha linajifunga kutoka pande zote mbili, ndiyo sababu kupoza kupita kiasi kileo kikiwa juu, tuseme hadi nyuzi 20, nako hakusaidii.

Seli ina silaha zake. Hujaza utando kwa steroli, aina ya mafuta magumu, inayoitwa ergosteroli na kwa mafuta yasiyoshiba, ambayo huushikilia. Huweka akiba ya trehalosi, sukari inayolinda protini zisikunjuke, na hutengeneza protini za mshtuko wa joto, mojawapo ikiwa Hsp104, ambayo hufumua protini zilizokwisha kugandana. Hamira iliyopitishwa kwenye nyuzi 37 kwa nusu saa hadi saa moja, kisha ikarudishwa 30, huvumilia kileo vizuri zaidi kuliko ambayo haikupitishwa, kwa sababu silaha ni zilezile. Ila hilo ni zoezi la maabara yako, mwalimu. Kwenye tanki usijaribu.

Kwa mtengenezaji lenye maana kubwa zaidi ni hewa. Ergosteroli haitengenezwi bila oksijeni, wala mafuta yasiyoshiba. Hamira inahitaji miligramu 8 hadi 10 za oksijeni kwa lita mwanzoni. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye nyuzi 30 maji matupu hapa hayabebi hata miligramu 7. Yenye sukari hubeba chini ya hapo. Kwa hiyo kutikisa mara moja hakutoshi. Pulizia hewa kwa nusu saa unapoweka hamira, rudia baada ya saa 4, kisha acha. Hewa baada ya saa ya 12 ni hasara: inaondoka na kileo na kuwakaribisha bakteria wa siki.

Mwaka 2014 watafiti wa MIT, Marekani, walionyesha kwamba kuongeza potasiamu na kupunguza asidi kunainua uvumilivu wa kileo, kwa sababu hizohizo za pampu na utando. Wasomaji wawili walitaka kununua mbolea ya potasi kwa ajili hiyo. Msinunue. Molasi ina potasiamu tele, na chumvi zake zikizidi nazo huibana hamira. Kinachokosekana kwenye molasi ni naitrojeni na wakati mwingine fosforasi: urea nusu gramu kwa lita (hiyo ni miligramu 230 za naitrojeni) na mbolea ya DAP robo gramu kwa lita. Kwa mihogo ongeza magnesiamu salfeti nusu gramu kwa lita.

Limeshakwama. Tufanyeje leo?

*Mchanganyiko wa lita 5,000 ulianza na Briksi 22 (kipimo cha sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka), umesimama kwenye 11 kwa siku mbili. Tumemwaga hamira kavu kilo 3 juu yake, kimya. Tumwage yote? Kikundi, Misungwi.*

Msimwage. Kwanza someni kwa haidromita, si kwa rifraktomita, kwani kileo kinaipotosha rifraktomita. Molasi haishuki hadi sifuri. Ina vitu visivyochachuka, na mchanganyiko wa 22 uliomaliza kazi husimama kwenye 7 au 8. Kwa hiyo mliopungukiwa ni Briksi 3 hadi 4, kama asilimia 2 ya kileo. Inafaa kuokoa.

Hamira kavu ikiangukia kwenye kileo cha asilimia 6 haiwezi kuamka. Utando wake, wakati unanyonya maji, haujui kuchagua cha kuingiza na cha kuzuia, na ethanoli inaingia moja kwa moja. Hamira inayopelekwa kwenye kazi hiyo lazima izoeshwe.

Shusheni tanki hadi nyuzi 29 au 30 kabla ya yote. Pimeni pH. Ikiwa chini ya 4.2, ipandisheni hadi 4.8 kwa magadi soda kidogo kidogo, mkikoroga na kupima kila mara, maana yatafura. Msitumie chokaa: molasi tayari ina kalsiamu nyingi, na salfeti iliyomo itagandana nayo kuwa ukoko kwenye koili na kwenye mtambo.

Kisha loweka hamira kilo 2.5 kwenye maji lita 25 ya nyuzi 37, dakika 20, bila kukoroga sana. Ongeza lita 25 za molasi iliyozimuliwa hadi Briksi 10 yenye urea gramu 25, pulizia hewa, acha saa 3. Sasa una lita 50 zinazotoa povu. Ongeza lita 50 kutoka kwenye tanki lililokwama. Kileo ni asilimia 3. Saa 4. Ongeza lita 100. Kileo kimefika 4 na nusu. Saa 4 tena. Ongeza lita 200. Baada ya saa nyingine 4, ikiwa povu bado lina nguvu, mimina lita zote 400 kwenye tanki. Kama povu lilidhoofika hatua fulani, subiri hapo hapo hadi lirudi. Ukiharakisha hatua moja umepoteza zote.

Likikataa hata hivyo, keneka ulichonacho (kichemshe na kuupoza mvuke wake upate kileo). Lita moja ya ethanoli kutoka kwenye mchanganyiko wa asilimia 6 inakulazimu kupasha lita 17 karibu. Kutoka asilimia 9 ni lita 11. Kwa kupasha tu hadi ichemke, hiyo ni megajouli 4.3 dhidi ya 2.9, na lita ya ethanoli yenyewe ina megajouli 21. Chini ya asilimia 5, unachoma kuni nyingi kiasi cha kujiuliza unazalisha nishati au unaihamisha.

Hamira ya nyuzi 45

*Nimesikia kuna hamira inayofanya kazi kwenye nyuzi 45. Tukiipata si tutaachana na mapampu? Msomaji, Nyegezi.*

Ipo. Inaitwa Kluyveromyces marxianus, na aina zake nyingi hukua kwenye nyuzi 45 bila shida. Uvumilivu wake wa kileo ndio mdogo: nyingi huchoka kwenye asilimia 6 au 7. Utaokoa umeme wa pampu na kuulipa kwenye kuni za kukeneka. Inafaa pale ambapo sukari yenyewe ni hafifu, kama maji yanayobaki kwenye jibini.

Hamira ya kawaida, Saccharomyces cerevisiae, imejaribiwa kuzoeshwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chalmers, Sweden, waliikuza kwenye joto la karibu nyuzi 40 kizazi baada ya kizazi, na waliopona walikuwa wamebadilisha steroli ya utando: badala ya ergosteroli walibeba fekosteroli. Utando tena, kama mwalimu wa Ilemela atakavyoona. Lakini hamira hiyo haiuzwi dukani Makoroboi, na kwa kiwango chenu pampu ni rahisi kuliko kutunza mbegu safi.

Kuhusu hamira ya paketi ya mandazi, ambayo wengi mmeuliza: inatosha kwa asilimia 8 hadi 9 ikiwa joto halizidi 32. Tumieni gramu nusu hadi moja kwa lita. Hamira ya viwanda vya spiriti huenda 12 na zaidi, lakini kwa molasi iliyozimuliwa hadi 22 hakuna sukari ya kuifikisha huko, kwa hiyo mtalipia uwezo msioutumia. Kosa la kawaida ni kuiloweka kwenye maji baridi ya bomba. Chini ya nyuzi 20 seli zinazonyonya maji hupoteza yaliyomo ndani, na nusu ya paketi inakuwa chakula cha nusu nyingine. Iwe 35 hadi 38, na kabla ya kuimwaga tankini hakikisha tofauti ya joto haizidi nyuzi 10.

Mihogo ya Sengerema

*Sisi tuna makopa mengi, molasi tunaisikia Kagera tu. Tulipika uji, tukaweka vimeng'enya vyote kwenye nyuzi 60 hadi ukawa mtamu kama asali, tukapoza, tukaweka hamira. Ulipanda hadi nyuzi 40 usiku wa kwanza. Mama mmoja na wenzake, Sengerema.*

Mama, umefuata maelekezo ya vimeng'enya vizuri mno, na hapo ndipo hamira ilipoumia. Uji mtamu kama asali ni sukari yote imewekwa mezani kwa wakati mmoja. Hamira inaila kwa pupa, joto lote linatoka usiku mmoja, na sukari nyingi yenyewe inavuta maji kutoka kwenye seli.

Gawanya kazi. Kwa kilo 100 za unga wa makopa chukua maji lita 350, rekebisha pH iwe 5.8 hivi. Weka alfa-amilesi, kimeng'enya kinachokatakata wanga, ile inayovumilia joto, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, na pandisha hadi nyuzi 85 huku unakoroga bila kuacha. Kati ya 62 na 72 wanga wa muhogo hukaza ghafla na mwiko unaweza kuvunjika. Shikilia 85 kwa saa moja na nusu, hadi uji uwe mwepesi. Tone la iodini lisiwe buluu tena, liwe wekundu-kahawia. Poza hadi 32, shusha pH hadi 4.6, kisha weka glukoamilesi, kimeng'enya kinachomalizia kuugeuza wanga kuwa sukari, na hamira kwa pamoja.

Glukoamilesi inapenda nyuzi 55 hadi 60. Kwenye 32 inafanya kazi polepole. Ndicho unachotaka. Inaachia sukari kidogo kidogo kama mtu anayelisha moto ukuni mmoja mmoja, na joto linatawanyika kwa siku tatu badala ya usiku mmoja. Kilo 100 zenye wanga asilimia 70 zitakupa lita 40 hadi 43 za ethanoli, na mchanganyiko utakaribia asilimia 10 ya kileo, kwa hiyo siku ya pili na ya tatu zishikilie 30 bila huruma.

Ukitumia kimea cha mtama badala ya vimeng'enya vya kununua, fanya uji uwe mtamu kwenye 60 hadi 63 na usipite 70, kwani hapo vimeng'enya vya kimea huharibika. Ila kimea kinakuja na bakteria wengi, na hilo linatuleta Musoma.

Harufu ya maziwa yaliyoganda

*Mchanganyiko wetu unanuka kama mtindi na pH imeshuka hadi 3.6. Kuna uhusiano na joto? Musoma.*

Upo, wa moja kwa moja. Bakteria wa asidi ya laktiki hustarehe kwenye nyuzi 37 hadi 42, palepale hamira inapozirai. Kwenye 32 hamira iliyowekwa kwa wingi huwatangulia na kuwabana kwa kileo. Kwenye 38 mbio zinageuka. Asidi ya asetiki nusu gramu tu kwa lita huanza kuisumbua hamira, ya laktiki huhitaji gramu kadhaa, na zote mbili huingia kupitia utando uleule uliolegezwa na joto. pH kushuka kutoka 4.8 hadi 4.2 ni kawaida. Chini ya 3.8, kuna mgeni.

Wakati mwingine pasheni molasi iliyozimuliwa nusu hadi 80 kwa dakika 20, ipoeni, ndipo mkamilishe maji. Osheni valvu ya chini na kona za bomba kwa maji ya moto; huko ndiko wanakolala. Asidi ya salfa ya kushusha pH iwekwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na miwani iwe machoni.

Chumba, machicha, na mabaki

*Je, tuliweke tanki ndani ya chumba lisipigwe jua? Na machicha ya chini tunaweza kuyatumia tena kama hamira? Kisesa.*

Kivuli ndiyo, chumba hapana. Tanki la lita 5,000 hutoa hewa ya kaboni kilo 330 hivi, zaidi ya mita za ujazo 200, na hewa hiyo ni nzito, inakaa chini. Inajaza chumba cha mita 5 kwa 4 mara tatu. Ikifika sehemu 10 kwa mia kwenye hewa, mtu anaanguka bila kupiga kelele. Jengeni banda la nguzo lenye paa na dari ya makuti chini ya bati, pande ziwe wazi kuanzia sakafuni. Asiingie mtu ndani ya tanki kuosha kabla halijapulizwa hewa, na asiingie akiwa peke yake. Msipime hewa kwa moto. Mna spiriti pale.

Maji meusi yanayobaki chini ya mtambo baada ya kukeneka ni lita 10 hadi 15 kwa kila lita ya ethanoli, na hayaruhusiwi kuelekea ziwani wala kwenye mtaro unaokwenda ziwani. Yanakula oksijeni ya maji na kuua samaki. Yapozeni, yazimueni, yaende shambani kwa potasi iliyomo. Kuvuta maji ya ziwa kwa pampu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Na kukeneka kokote, hata kwa ajili ya jiko, kunahitaji leseni kwanza. Bila hiyo sheria inauona mtambo wenu kuwa wa gongo.

Sasa machicha. Viwanda vya Brazili hutenga hamira, huiosha kwa asidi ya salfa yenye pH 2 hadi 2.5 kwa saa moja au mbili ili kuua bakteria, na kuirudisha kazini mamia ya mara kwa msimu mmoja. Inawezekana kwao kwa sababu hamira haikupikwa. Kwenu uamuzi utolewe na hadubini. Changanya tone la machicha na tone la methilini buluu, subiri dakika 5, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Seli hai hubaki nyeupe kwa sababu huivunja ile rangi. Mfu huwa za buluu. Hesabu 200. Mfu zikiwa 20 au chini, osha kwa asidi na utumie. Kati ya 20 na 40, tumia lakini ongeza hamira mpya nusu ya kipimo. Zaidi ya hapo, lisheni nguruwe. Na kama daftari la joto linaonyesha tanki lilipita nyuzi 37 kileo kikiwa juu ya 7, msihangaike hata kufungua hadubini.